Mama wa Kwenye Picha

Wanaume wawili walikuwa wamesimama nje ya lango, wakikwangua udongo mwekundu viatuni kwa kijiti, na Talitha, akiwachungulia pembeni mwa pazia la dirisha, alikuwa anamwomba Mungu jambo moja tu: Noé, mmoja wa wale wawili, asimtambue mama yake yeye Talitha.

Lilikuwa ombi la ajabu kwa msichana anayeletewa posa. Wenzake, siku kama hii, huomba mvua isinyeshe, au mzee wa upande wa kijana asije na pombe kichwani. Yeye tangu asubuhi alikuwa anamzuia mama yake asitoke jikoni.

"Mama, leo usijisumbue. Maji nitaleta minyi."

"Weye njo banakuja kuomba, na weye njo unaleta maji?" Mama Émerence alikuwa anapanga glasi kwenye sinia, hana habari. "Batasema mama ya huyu binti hana adabu, ao hana mikono. Uende ukaikale kule. Na uache kuuma kucha."

Basi Talitha akaenda akakaa, na moyo wake ukabaki umesimama.

Kisa kilianza mwezi wa pili, katikati ya mvua. Noé Kalombo, mchana, alikuwa anachapa barua za watu katika kiofisi cha fotokopi karibu na stesheni ya treni. Hapo ndipo alipokutana na Talitha, karani wa shule, aliyekuja na mitihani ya kuchapwa akarudi kesho yake na mitihani ambayo haikuhitaji kuchapwa. Lakini Noé alikuwa na kazi nyingine ambayo wachache waliijua. Yeye ndiye aliyeandika *Kamina Kwetu*, blogu ile isiyokuwa na jina la mwandishi, iliyotoka kila siku ya posho, yaani Jumamosi: picha moja na maneno machache. Makala yake ya kwanza aliwaandikia wale wanaosema Kamina si mji, ni mahali pa kungojea treni. Aliandika: "Anayengoja treni, angoje. Sisi tumekwisha fika."

Maneno hayo yalipita simu hadi simu. Asiye na simu alisomewa kwenye mlango wa kanisa. Noé akaendelea: leo seremala anayetengeneza madawati mabovu ya shule bila kuitwa, kesho akina mama wanaopokezana kufunika kisima. Na jambo likaanza kutokea kidogo kidogo. Mtaa mmoja ukapiga chokaa mawe ya kando ya njia. Mtaa wa pili ukaona wivu, ukapanda maua ndani ya magurudumu ya zamani. Watu wakaanza kuulizana sokoni, "Ninyi kwenu mutaonekana lini?"

Kisha Jumamosi moja ya mwezi huo wa pili ikatoka picha ya Avenue Masuku. Mwanamke amesimama ndani ya mfereji, jembe kwapani, kitambaa cha kichwa kimepinda, ameuma muhindi wa kuchoma na anacheka, mdomo wazi hadi magego. Chini yake: "Wanaosema Kamina imekufa waende Avenue Masuku. Watamkuta mama mmoja. Watajua Kamina imesimama ndani ya mfereji, inakula muhindi."

Noé alikuwa amepita pale kwa baiskeli, akainua simu kuomba ruhusa, mama akacheka, mvua ikashuka, kila mtu akakimbia kwake. Hakujua jina lake. Hakuwahi kufika kwa akina Talitha, kwa sababu binti wa nyumba ya Kimethodisti hapiti na kijana mbele ya lango la baba yake kabla mambo hayajasemwa. Alijua tu kwamba mama mkwe wake wa kesho ni mwalimu, na akilini mwake alikuwa amemvika miwani na sauti kali.

"Tali," alimwambia siku ile, macho yanamng'aa kama mtoto, "hii njo picha ya muzuri kupita zote nimepiga mu maisha yangu."

Na Talitha, aliyekuwa ametambua kile kitambaa, lile jembe na yale magego, alisema, "Iko muzuri," akayameza mengine yote.

Angesemaje? Nyumbani moto ulikuwa umewaka. Watoto wa mtaa walikuwa wamembatiza mwalimu wao "Mama Muhindi", na Papa Josaphat, baba yake, alikuwa ameapa kwamba siku atakapomkamata huyo mwandishi asiye na jina, atamfundisha kuandika. Tena kulikuwa na jambo zito zaidi. Waluba wana buko, ile heshima ya kujificha kati ya mama na mume wa binti yake. Muko, yaani mkwe, hamtazami mama mkwe usoni, hali mbele yake, hamwoni akila, hatamki jina lake. Katika nyumba ya Papa Josaphat, buko ilikuwa inasemwa kuwa ni mambo ya wazee wa vijijini. Lakini ilikuwa kama harufu ya moshi kwenye nguo: ukifua unadhani imekwenda, ukikaa juani inarudi. Na Noé, muko mtarajiwa, hakumwona tu mama mkwe akila. Alikuwa ameuonyesha mji mzima.

"Odi!"

"Karibu, muingie."

Aliyetangulia alikuwa baba mdogo wa Noé, mkulima wa njia ya Kabongo, kofia mkononi na kicheko tayari mdomoni. Nyuma yake Noé, katika koti la kuazima lililomwishia juu ya vifundo vya mikono. Aliinua macho mara moja tu, akamwona Talitha kwenye kiti cha pembeni. Yalikuwa macho yenye tabia ya kutua juu ya kitu polepole, kama yanakiomba ruhusa. Talitha aliona masikio yake yanapata joto. Akatazama sakafu.

"Papa, wafwako," alisema mzee, akishukuru kwa Kiluba kabla hajakaa. "Minyi ni Kabange. Ukisikia ile jina, unajua nilizaliwa pacha, na nilifika nyuma ya mwenzangu. Tangu ile siku, minafanyaka bintu bila haraka."

"Ikala, Papa Kabange," alisema Papa Josaphat. Alikuwa amevaa tai ya Pasaka, na redio yake ilikuwa imezimwa, jambo lisilotokea mara nyingi tangu alipostaafu ukarani wa reli. "Ni habari gani imeleta miguu hapa?"

"Tulikuwa tunapita, tukaona hii lupango, hii kiwanja yenu, iko na ua moja ya ajabu. Tukasema, tuulize mwenyewe."

"Maua ya mu hii lupango tunamwagiaka maji sisi wenyewe."

"Njo maana imependeza! Ingekuwa inamwagiwa na jirani, hatungepita."

Papa Josaphat hakucheka, lakini masharubu yake yalisogea. "Munasaliaka wapi?"

"Ku Katolika, Papa," alijibu Noé.

"Hm."

Ile "hm" ilikuwa ndefu kama treni ya mizigo. Talitha aliisikia ikipita behewa kwa behewa.

"Na kazi?"

"Niko karibu na stesheni. Minachapaka barua ya bantu. Na fotokopi."

"Fotokopi," alirudia Papa Josaphat, kama mtu aliyepata unywele ndani ya mboga.

Hapo ndipo Kabange aliposhindwa kuvumilia. Hakutaka mtoto wa kaka yake apimwe kwa kipimo kidogo hivyo.

"Papa, usione fotokopi! Haujue uko na nani hapa mu nyumba. Huyu mutoto—"

"Tonton, hapana," alisema Noé, akimzuia baba yake mdogo.

"Niache niseme! Mwanaume mukubwa hivi, anaona haya kama bibi-arusi. Papa, *Kamina Kwetu* unaijua? Ile Kamina inasoma, ile inafanya bantu banafagia hata penye hapana uchafu? Mwenye kuandika njo huyu hapa. Picha ya mama mwenye muhindi, mwenye kuipiga njo huyu!"

Pazia la mlango wa jikoni lilifunguka wakati uleule, na Mama Émerence akaingia na sinia la maji.

Aliyasikia maneno ya mwisho. Alisimama. Noé, aliyekuwa ameinuka kumpokea sinia kama kijana mwenye adabu, alimtazama usoni, na Talitha akayaona yote kwenye uso wa mpenzi wake: kwanza furaha ya kumwona mtu anayemjua, kisha swali, kisha damu ikimwondoka.

Mama Émerence alisema, "Yo!" Akaliweka sinia juu ya meza kwa kishindo, glasi zikagongana, akakivuta kitenge hadi usoni na kutoweka nyuma ya pazia. Wakasikia kigoda kikianguka jikoni.

Papa Josaphat alilegeza tai yake.

"Ni weye," alisema Papa Josaphat polepole.

"Papa, sikujua. Nakuapia, sikujua kama njo mama ya Talitha."

"Ni weye njo uliweka bibi yangu mudomo wazi mbele ya muji muzima. Madame Kalunga! Mwalimu! Nikienda ku ibada, banaume banaulizaka: bei ya muhindi leo ni ngapi? Nikipita ku soko, batoto banaimba. Na unavaa koti, unakuja kuniomba binti?"

"Nilimuonyesha telefone, akacheka, nikafikiri amekubali. Nilimuandika kwa heshima, Papa."

"Heshima na magego inje!" Akamgeukia binti yake, na sauti yake ikashuka, jambo lililokuwa baya kuliko kelele. "Na weye Talitha. Ulikuwa unajua?"

Angeweza kusema hapana. Noé alikuwa anamtazama, naye alikuwa anangoja jibu hilohilo.

"Nilikuwa najua, Papa. Vyote viwili, mwenye kupiga picha na mwenye muhindi."

"Tali," alisema Noé. Halikuwa karipio. Ilikuwa sauti ya mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwapo. "Tangu mwezi wa pili?"

Aliitika kwa kichwa. Aliona jicho lake likiondoka kwake na kwenda kutua ukutani, na katika yote yaliyotokea sebuleni mle, hilo ndilo lililomchoma.

"Sikieni," alisema Papa Josaphat akisimama. "Ile picha itoke leo. Ikishatoka, muende na amani. Na mulango wangu, musiugonge tena."

Noé alitoa simu mfukoni. 

"Nitaitoa, Papa. Usipoomba pia ningeitoa, juu nimemupatisha mama haya. Lakini mulango..." Aliinua macho kwa mzee. "Mulango, unisamehe, nitarudia kuugonga. Hata ukinifukuza mara ngapi."

Akaanza kuitafuta ile picha. Rezo, yaani mtandao, ilikuwa nzito, kiduara kikawa kinazunguka, kinazunguka. Talitha alikitazama na kuona kinachokwenda kufutwa. Aliona watu wa mtaa wake waliokuja na majembe picha ilipotoka. Aliona mto mdogo wa maji machafu, uliokuwa ukiingia nyumbani kwao kila mvua, ukipita kando kwa adabu. Aliona uso wa Noé siku ile.

"Noé, usiitoe."

"Talitha!" alisema baba yake.

"Unisamehe, Papa. Lakini mwenye mudomo ni mama. Tunagombana hapa juu ya mudomo yake, na hapana mutu amemuuliza."

 Katika nyumba ile binti hakuwa amewahi kumkata baba yake neno.  Na Kabange, aliyekuwa amejikunyata kwenye kiti akitamani kuumeza ulimi wake, akainua kidole kama mwanafunzi.

"Papa, na minyi niko na ulizo kidogo. Mama amekimbia nini?"

"Amekimbia haya, ni nini ingine!"

"Njo ninauliza. Kwetu kule, mama akiona mwizi, hakimbie, anashika mwiko. Akiona mulevi, hakimbie, anamufukuza. Akiona mugeni mubaya, anasimama mu mulango, mikono ku kiuno, anamuambia yake yote. Mutu mwenye mama anafunika uso mbele yake, anakimbia mpaka anaangusha kigoda..." Alitazama pazia, kisha akamtazama Papa Josaphat kwa macho ya upole kabisa. "Minajua mutu moja tu wa namna ile."

Talitha aligeuka kulitazama pazia. Mgeni hakimbiwi. Anayekimbiwa ni muko.

"Ile ni mambo ya ku mugini," alisema Papa Josaphat, lakini si kwa nguvu. "Hapa ni nyumba ya Bamethodisti."

"Talitha," iliita sauti nyuma ya pazia.

"Mama?"

"Ambia baba yako niko Methodisti tangu tumbo ya mama yangu. Lakini miguu ilikimbia mbele sijaiambia kitu."

Talitha alimgeukia baba yake, aliyekuwa hatua mbili tu kutoka pazia. "Papa, mama anasema—"

"Nimesikia."

"Sasa uliza ule kijana. Ile siku alinipiga picha, alikuwa nani kwangu?"

Noé aliinamisha kichwa haraka, ingawa pazia lilikuwa limefungwa. Alimwambia Talitha, kwa sauti ndogo, "Nilikuwa mupita njia."

"Mama, anasema alikuwa mupita njia."

"Muzuri. Mupita njia anaweza kuniona nikikula. Hata mbuzi ya jirani yetu Sylvie iliniona. Lakini muko wangu hajaniona siku moja. Leo kidogo anione, nikakimbia. Basi kosa iko wapi?"

Kabange alijipiga paja, akaitikia kwa Kiluba. "Eyo, vidye! Huyu mama angekuwa juji!"

"Émerence," alisema Papa Josaphat, na sasa alikuwa anaongea na pazia kama mtu aliyeachwa peke yake na mke wake. "Banakuita Mama Muhindi."

"Batoto banaita. Na bakubwa je? Ule mfereji ulikuwa unatuletea maji mu chumba kila mvua. Nilianza kuuchimba peke yangu. Kesho yake peke yangu. Sylvie alinichomea muhindi juu ya huruma tu, akiniambia, mwalimu, utakufa na mugongo. Picha ikatoka siku ya posho. Siku ya yenga, siku ya Mungu, nyuma ya ibada, nikakuta bantu ku lango na majembe. Banaume! Bakaniambia, mama, tunasikia haya kukuona peke yako." Kigoda kikasikika kikiinuliwa. "Nimefundisha tangu ubinti wangu, Baba Talitha. Hapana mutu alisimamaka kuangalia kazi yangu. Huyu mutoto alisimama na baiskeli yake mu mvua."

Papa Josaphat alitazama mikono yake. Hakuwa mtu mbaya. Maisha yake yote alikuwa ameandika saa za treni zinazokwenda mahali pengine, na kama watu wengi wa kazi hiyo, alizoea kufikiri kwamba mambo ya maana yanatoka mbali na yanapita tu. Talitha alimtazama, na kwa mara ya kwanza akaelewa kwamba kilichokuwa kinamuuma si yale magego. Ni kwamba mpita njia alikuwa amemwona mke wake kabla yake.

"Minyi nilikuwa wapi ile siku?" aliuliza.

"Ku kiti yako. Ulikuwa unasikiliza habari ya Kinshasa."

Haikuwa na uchungu ndani yake, ile sauti. Ndiyo maana ilifika.

 Papa Josaphat akamnyooshea Noé kidole. "Sasa sikia. Picha ibakie. Lakini umeandika 'mama mmoja'. Mama mmoja ni nani? Kama ungeandika jina, batoto bangekuwa na jina ya kuita. Andika jina yake. Muzima. Sasa hivi."

Noé aliinua simu. Kidole chake kikasimama hewani.

"Papa, sitaweza."

"Ginsi gani hauwezi? Haujue kuandika?"

"Jina ya mama..." Noé alikuwa anatazama viatu vyake. "Tangu ameingia nyuma ya pazia, siwezi kuitaja. Hata na kidole."

Kabange alifumba macho kama mtu anayeonja asali. Papa Josaphat alimtazama yule kijana wa fotokopi, Mkatoliki, mwenye koti fupi, akamtazama kwa muda mrefu. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama vizuri tangu aingie.

"Leta," alisema.

Akakaa, akavaa miwani. Akaishika simu kwa mikono miwili, kama kitu kinachoweza kumwagika, akaanza kuchapa kwa kidole kimoja.

"E yenye kijiti juu iko wapi hapa?"

"Ukifinya E bila kuiachia itatokea, Papa."

"Ah. Iko." Alichapa. Alisimama akafikiri. Alichapa tena, na Talitha, aliyekuwa amesogea nyuma ya kiti chake, akasoma juu ya bega lake: *Madame Kalunga Émerence, mwalimu. Bibi ya Josaphat.* Na baada ya pumzi ndefu, mstari mwingine: *Huu mfereji aliuanza peke yake, nilikuwa nimekaa.*

Kiduara kikazunguka, kikasimama.

"Imeenda?"

"Imeenda, Papa," alisema Noé. "Muji muzima unaona."

Papa Josaphat alikohoa, akavua miwani, akaipangusa ingawa haikuwa na vumbi.  Kisha ukasikika mlango wa nyuma ukifunguliwa na kufungwa, taratibu.

"Mutaleta kuku ya kupangusa haya ya mama," alisema mzee. "Mambo ya Katolika na Methodisti tutasemezana siku ingine, na bazee ya pande zote. Musifikiri nimesema ndiyo."

"Hatukusikia ndiyo hata kidogo, Papa," alisema Kabange. "Sisi tumesikia kuku."

Talitha aliruhusiwa kuwasindikiza hadi penye kona. Kabange, mtu asiye na haraka, alibaki langoni akimweleza Papa Josaphat habari za mihogo ya mwaka huu, tena kwa urefu ambao mihogo haikuustahili. Kwa hiyo walitembea wawili tu, kando ya mfereji uliosafishwa, jua la mchana likiwa limelegea juu ya mabati.

 Noé alikuwa amelivua koti, amelitundika begani.

"Umekasirika," alisema Talitha.

"Nilikasirika. Sasa natafuta ile kasirani, siioni muzuri." Alipiga hatua chache. "Lakini uniambie, Tali. Juu ya nini haukusema? Ningeweza kukuja na kupiga magoti mbele ya leo."

"Ulikuwa na furaha. Nilijua nikikuambia, utaitoa picha ile siku ileile, juu yangu."

"Ningeitoa mbele haujamaliza kusema."

"Njo maana sikusema." Alisimama.  "Bantu ya hapa banaondokaka, Noé. Wenye kusoma banaenda Lubumbashi. Wenye kubakia banaona haya kusema banatoka Kamina. Weye unabakia, na unatufanya tujisikie tumebakia penye mutu anapaswa kubakia. Sikutaka uanze kukata vipande vya ile kazi juu ya kumuogopa baba yangu. Nilifikiri, afazali unikose minyi, usikose ile kazi."

"Afazali?" Noé aliligeuza lile neno kama mtu asiyelijua. "Tali, unaniandikia makala na mwisho yake mubaya."

"Nilikuwa mujinga."

"Kidogo." Alikuwa anatabasamu sasa, na yale macho yalikuwa yamerudi, yametua juu yake polepole, na safari hii hayakuomba ruhusa. "Siku ingine, kama iko kitu kizito, unaniambia. Tunakibeba wawili. Mkono wako uko baridi, leta."

Alimpa mkono. Wakasimama hivyo, katikati ya Avenue Masuku, mchana kweupe, jambo ambalo asubuhi lisingewezekana.

Na hapo lango la Mama Sylvie likafunguka, mita chache mbele yao, na Mama Émerence akatoka, muhindi wa kuchoma mkononi, akitafuna. Alikuwa amepita mlango wa nyuma makusudi ili amkwepe muko wake, akakaa kwa jirani hadi alipodhani wageni wamekwenda.

Walionana jicho kwa jicho.

"Yo!" alisema Mama Émerence na shavu limejaa.

Noé aliruka. Hakukuwa na pa kukimbilia, mfereji huku, ukuta kule, basi akauchagua ukuta: akaugeukia, akabandika paji la uso kwenye matofali, mikono miwili pembeni mwa macho. Upande wa pili wa njia, Mama Émerence alikuwa amegeukia ua wa miti, kitenge kichwani kote, muhindi umefichwa kwapani. Hakuna aliyesogea, kwa sababu kila mmoja alikuwa anangoja mwenzake apite kwanza.

Mama Sylvie alitoa kichwa langoni. Akamtazama mmoja aliyejibandika ukutani, akamtazama mwingine aliyejibandika kwenye miti, akamtazama Talitha katikati. Halafu akaelewa.

"Eeeh! Jamani, mukuje muone! Mwalimu amepata muko!"

Kigelegele kilipanda kutoka lango hilo, kikapokewa na lango la pili, kikashuka mtaa mzima. Watoto walitoka mbio. Mwanaume mmoja juu ya paa, nyundo mkononi, alipiga bati mara tatu. Kabla Papa Josaphat hajatamka ndiyo yake, Avenue Masuku ilikuwa imekwisha jibu.

Talitha alikuwa anacheka hadi machozi. "Mama, pita! Hakuangalie, pita!"

Mama Émerence alijifunika vizuri zaidi na kupita mbiombio kando ya miti, mabega yakitikisika kwa kicheko chini ya kitenge, hadi langoni kwake.

"Amepita?" aliuliza Noé, mdomo ukigusa tofali.

Talitha alimtazama. Shingo yake ilikuwa imepata vumbi jekundu la ukuta, na nywele za nyuma ya sikio zilikuwa zimekatwa upya kwa ajili ya leo, kwa ajili yake. Miezi yote ile alikuwa amemtazama kwa kuibia, nusu dakika hapa, robo dakika pale, mlango ukiwa wazi na watu wakipita. Sasa mtaa mzima ulikuwa unajua, na hakuna aliyemzuia.

"Amepita, Tali? Nigeuke?"

Lango la nyumbani lilikuwa limekwisha fungwa, mama yuko ndani.

"Bado," alisema Talitha, na akaendelea kumtazama.